Jeki Hunyanyua, Haishikilii

Gari dogo kama Toyota Vitz lina uzito unaokaribia tani moja, na Land Cruiser 200 linapita tani mbili na nusu. Jeki inayokaa kwenye buti imetengenezwa kuinua kona moja tu ya uzito huo, kwa dakika chache za kubadilisha tairi, huku mwenye gari akiwa amechuchumaa pembeni. Kazi hiyo inaiweza vizuri. Nyumbani, hata hivyo, gari hunyanyuliwa kwa sababu nyingine pia: kumwaga oili, kubadilisha breki pedi, kutazama raba ya shafti iliyopasuka na kutapakaza grisi, au kukaza ekzosi inayogonga. Kazi hizi humlazimu mtu kupeleka mkono, kichwa au kifua uvunguni. Jeki hunyanyua, haishikilii. Anayelala chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, kwa kuwa kazi ni ya dakika mbili, ameuweka uhai wake juu ya kipande cha raba au skrubu moja.

Kabla ya kutoa jeki inafaa kutazama kama kuna haja ya kuinua kabisa. Magari marefu kama Hilux na Prado yana nafasi ya kutosha chini kwa mtu kulala na kufungua nati ya sampu bila kuinua chochote. Gari likibaki kwenye matairi yake manne, na matairi hayo yakiwekewa kabari, sehemu kubwa ya hatari imeondoka. Kwa gari la chini, rampu mbili za chuma ambazo gari hupandishwa juu yake kwa mbele hufaa kumwagia oili kuliko jeki, maana uzito unaendelea kubebwa na matairi. Jeki ni ya lazima pale tairi lenyewe linapotakiwa kutoka au kuning'inia: breki, beringi za tairi, shokomzoba.

Mahali pa kazi panatakiwa pawe pagumu na tambarare, na sakafu ya saruji ndiyo bora. Mteremko ambao jicho halioni unatosha kuleta maafa: gari la kilo 1,200 likiwa kwenye mwinamo wa nyuzi 3 tu huvutwa kuelekea chini kwa nguvu ya zaidi ya kilo 60. Chupa ya maji ikilazwa chini na ikabingirika yenyewe, hapo hapafai. Mchanga wa pwani, changarawe na udongo ulionyeshewa hudidimia chini ya kitako kidogo cha jeki, tena hudidimia upande mmoja kabla ya mwingine, na hapo ndipo jeki inapolala ubavu. Lami iliyopigwa na jua la mchana nayo hudanganya. Inaonekana ngumu, lakini miguu ya stendi za chuma zinazolishikilia gari baada ya kuinuliwa huzama ndani yake polepole wakati kazi ikiendelea. Pasipo na saruji, kipande cha plaiwudi nene au ubao mgumu, kipana kuliko kitako cha jeki, husambaza uzito. Msaada huo unafaa kwenye udongo mkavu ulioshindiliwa. Kwenye tope ubao hausaidii kitu, na kazi inapaswa kungoja.

Linalofuata ni kulizuia gari lisitembee, na hapa wengi hujidanganya kwamba hendibreki na gia vinatosha. Katika magari mengi hendibreki hushika matairi ya nyuma pekee. Nyuma ikiinuliwa yote, hendibreki inakuwa imeshika matairi yanayoelea hewani, na mbele hakuna kinachozuia isipokuwa gia. Gia nayo ina udhaifu wake. Gari la otomatiki likiwekwa kwenye P, pini ndani ya giaboksi hufunga njia ya nguvu kuelekea kwenye difu, haifungi tairi moja moja. Difu imeundwa makusudi ili tairi la kulia na la kushoto yaweze kuzunguka kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Sasa tairi moja la mbele la Vitz au Corolla likinyanyuliwa, difu hiyohiyo huliruhusu lizunguke kinyumenyume hewani huku mwenzake aliye chini akitembea. Kwenye dashibodi P inawaka, na gari linaondoka. Gari la gia za mkono lililoachwa kwenye gia ya kwanza lina tabia hiyohiyo. Kwa gari linalovutwa na matairi ya mbele, basi, mbele ikiwa juu kinachoshika ni hendibreki na kabari zilizo nyuma. P ni nyongeza tu.

Land Rover Defender la zamani, gari lililofanya kazi miaka mingi mbugani na vijijini Afrika Mashariki, linahitaji uangalifu wa pekee. Hendibreki yake haimo ndani ya tairi lolote, inakamata propela inayotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma. Tairi moja tu la nyuma likiachana na ardhi, difu ya nyuma huifuta kazi yote ya hendibreki hiyo. Ndiyo maana kabla ya kuliinua difu ya katikati hufungwa kwanza, ili mbele na nyuma vishikane, na kabari zikawekwa bila kusamehe hata moja.

Kabari ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi hii na ndicho kinachosahaulika zaidi. Kipande cha mti mgumu kilichochongwa pembetatu kinatosha, mradi kitako chake kiwe bapa na kimo chake kiwe kikubwa kiasi cha tairi kushindwa kukipanda. Huwekwa kwenye matairi yanayobaki chini, kwa mbele na kwa nyuma, pande zote mbili. Jiwe la mviringo lililookotwa barabarani halifai. Tairi likilisukuma kidogo, jiwe nalo hubingirika pamoja nalo.

Jeki ziko za aina tatu ambazo mtu wa kawaida hukutana nazo. Jeki ya mkasi, ile inayokunjuka kwa kuzungusha skrubu, ndiyo inayokuja na magari mengi madogo. Skrubu yake haiwezi kujirudi yenyewe kwa uzito, na hilo ni jambo jema, lakini kitako chake ni chembamba na shingo ni ndefu, kwa hiyo gari likisogea sentimita chache jeki huanguka ubavu. Jeki ya chupa ina nguvu nyingi kwa umbo dogo na hupendwa na wenye malori na pikapu. Kasoro yake ni urefu: nyingi haziingii chini ya gari dogo, hasa likiwa na pancha. Jeki ya magurudumu, ile ndefu ya gereji yenye mpini mrefu, ndiyo inayofaa zaidi nyumbani kwa kuwa kitako chake ni kipana na mwenye kuipampu anakaa mbali na gari. Lakini ina tabia moja inayopaswa kujulikana. Mkono wake hupanda kwa kuchora upinde, hivyo kichwa chake husogea mlalo kadiri kinavyopanda, na jeki yenyewe lazima itembee kidogo ili kufidia. Kwenye sakafu laini hutembea bila mtu kugundua. Kwenye mchanga au nyufa magurudumu hukwama, na hapo kichwa huanza kuteleza kwenye bodi. Ipo pia jeki ndefu ya nguzo yenye matundu, inayobebwa na wenye magari ya porini. Hiyo ni ya kukwamua gari kwenye matope, na mpini wake ukiponyoka hupiga kwa nguvu ya kuvunja taya. Kwa kazi za uvunguni isitumike.

Jeki ya chupa na ya magurudumu zote hufanya kazi kwa mafuta, kwa kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17 na kutiwa kwenye mashine na Mwingereza Joseph Bramah, aliyepewa hataza yake mwaka 1795. Shinikizo likitiwa kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa kila upande. Pistoni ndogo ya kipenyo cha sentimita 1 ikisukuma mafuta kuelekea pistoni kubwa ya kipenyo cha sentimita 3, eneo la pili ni mara 9 ya la kwanza, na nguvu huzidishwa mara 9. Malipo yake ni mwendo: pistoni ndogo hushuka sentimita 9 ili kubwa ipande moja tu, na ndiyo sababu ya kupampu mara nyingi. Uzuri huo una upande wa pili. Mzigo wote, kwa muda wote, unakaa juu ya mafuta yaliyozuiwa na sili nyembamba za raba pamoja na goroli ndogo ya vali. Chembe ya uchafu kwenye goroli, au mkwaruzo kwenye sili, unatosha kuyapitisha mafuta. Mara nyingine gari hushuka taratibu, mara nyingine hushuka kwa mkupuo.

Kujua pa kuiweka jeki kunahitaji muda kidogo wa kuchungulia uvunguni kwa tochi. Magari madogo mengi hayana chasisi ya nondo ndefu. Bodi yenyewe ndiyo mfupa. Chini ya milango kuna ukingo wa mabati yaliyounganishwa, na karibu na kila tairi ukingo huo umewekewa mikato miwili midogo au umeongezewa unene. Kati ya mikato hiyo ndipo jeki ya mkasi inapokaa, ukingo ukiingia ndani ya mfereji ulio kichwani mwake. Jeki ya magurudumu yenye kichwa bapa huupinda ukingo huo isipowekewa kipande cha raba chenye mfereji. Nje ya alama hizo bati ni jembamba na hubonyea. Pikapu na magari mazito yenye chasisi huinuliwa kwenye chasisi yenyewe, au chini ya ekseli ya nyuma pale ilipo nzima. Kitabu cha gari huonyesha sehemu hizi kwa michoro, na hata kile cha Kijapani kinachokuja na gari lililotumika Japani kinaeleweka kwa picha zake.

Kuna sehemu ambazo jeki haitakiwi kugusa: sampu ya injini na ya giaboksi, ambazo hupasuka au kubonyea, mabomba ya breki na ya mafuta, radieta na fremu yake, ekzosi, sakafu tupu ya gari. Kwa gari la umeme au mseto, kasha la betri lililo uvunguni halibebeshwi uzito hata kidogo. Jambo jingine ni kutu. Gari lililoishi Mombasa, Tanga au Zanzibar limekula chumvi ya bahari, na baadhi ya magari yanayotoka Japani yametembea kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyusha theluji. Rangi ya nje inaweza kung'aa huku ukingo wa chini umekuwa kama biskuti. Kugonga kwa mpini wa bisibisi hutoa jibu: chuma kizima hulia kwa sauti kavu, kilichooza hutoa sauti nzito na kumwaga vumbi jekundu. Ukingo wa namna hiyo usibebeshwe gari.

Kama tairi litatolewa, nati zake hulegezwa nusu mzunguko kabla ya kuinua, tairi likiwa bado chini. Kung'ang'ana na nati iliyokaza gari likiwa juu ni kulitikisa gari kwenye jeki. Watu wote hushuka, milango hufungwa, na watoto hupelekwa mbali. Jeki huwekwa wima mahali pake, hupampiwa mpaka iguse, kisha mtu husimama na kutazama: imenyooka? kitako chote kimegusa chini? Baada ya tairi kuachana na ardhi kwa sentimita mbili hivi hutazamwa tena. Ikionekana kuinama hata kidogo, gari hushushwa na kazi kuanza upya. Kuisukuma jeki au gari lirudi sawa huku mzigo ukiwa juu ni kosa kubwa. Gari huinuliwa kiasi cha kazi inachohitaji na nafasi ya kuingiza stendi, si zaidi. Kila sentimita ya ziada hupandisha uzito juu na kupunguza uimara.

Stendi ndizo zinazobeba gari wakati wa kazi, na huwekwa mbili kwa pamoja, kwa kimo kimoja, kwenye sehemu za chasisi au bodi zilizoimarishwa. Zipo zenye nguzo ya meno inayoshikwa na kidole cha chuma, na zipo za pini inayopita kwenye tundu. Za pini hazina ulaini wa kurekebisha kimo, lakini pini nene iliyopita pande zote mbili huonekana kwa macho, na kwa kazi ya nyumbani sifa hiyo ina thamani kuliko wepesi. Mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani iliwataka wateja warudishe takriban stendi milioni 1.7 za tani 3 na tani 6, baada ya kugundulika kwamba meno na kidole huenda visikamatane sawasawa na stendi ikashuka ghafla ikiwa na mzigo. Zenye meno zinapaswa kukaguliwa kila zinapowekwa: kidole kimeingia mpaka mwisho, wenzo wake umelala chini.

Mafundi wa kuchomelea wa mitaani hutengeneza stendi kwa mabomba na vyuma chakavu, na baadhi ni imara. Tatizo ni kwamba hakuna aliyezipima, na ufa ndani ya uchomeleaji hauonekani kwa nje. Anayezitumia atazame miguu yake iwe mitatu au minne iliyotanuka, kichwa chake kiwe na mfereji au pembe za kuzuia gari kuteleza, na pini yake iwe chuma kinene. Msumari au kipande cha nondo kilichookotwa hakifai. Tofali la saruji halifai kabisa. Huweza kubeba uzito uliosambaa kwenye ukuta, lakini ncha ndogo ya chuma ikilikandamiza hupasuka bila kutoa onyo, na lenye matundu hupasuka upesi zaidi. Mawe yaliyopangwa na vipande vya mbao vilivyorundikwa ovyo viko katika kundi hilo.

Gari likishateremshwa taratibu mpaka likalie stendi zote mbili, hufanyiwa jaribio ambalo halina mbadala. Mtu husimama kando, huweka mikono kwenye madigadi na kulisukuma kwa nguvu, mbele na nyuma, kisha upande. Kama litaanguka, lianguke wakati huo ambapo hakuna aliye chini. Likitulia, jeki hurudishwa iguse tu kama msaidizi, na tairi lililotolewa hulazwa chini ya ukingo wa bodi karibu na mahali pa kazi. Kila kitu kikishindwa, rimu hiyo huacha nafasi ya sentimita kadhaa, ambayo inaweza kuuokoa mwili.

Injini haiwashwi gari likiwa juu, na funguo hutolewa. Kwa mseto kama Toyota Aqua na Prius hili ni zito zaidi: taa ya READY ikiwa inawaka gari linaonekana limezimwa, lakini injini inaweza kujiwasha yenyewe. Gari huzimwa kabisa na funguo hupelekwa mbali nalo. Yenye springi za hewa huzimiwa mfumo wa kurekebisha kimo, la sivyo gari hujaribu kujisawazisha lenyewe juu ya stendi. Nati zinazohitaji nguvu nyingi uvunguni huvutwa kwa mkono thabiti bila kurusha mwili, na nyundo huachwa isipokuwa hapana budi.

Kazi hii haifanywi na mtu aliye peke yake nyumbani. Gari likimkandamiza mtu kifua, kinachoua haraka ni kushindwa kupumua, na muda unahesabiwa kwa dakika. Msaidizi aliye karibu anatakiwa ajue jeki ya pili iko wapi na aanze kuinua mara moja huku akipiga yowe kwa majirani. Simu ya dharura, 112 kwa Kenya na Tanzania, hupigwa na mwingine wakati huohuo. Aliyetolewa chini ya gari hupelekwa hospitali hata akisema hana maumivu.

Kushusha hufuata njia ileile kinyumenyume. Zana na vitambaa hukusanywa, uvungu huchunguliwa, gari huinuliwa kidogo mpaka stendi zilegee, na stendi hutolewa kwa kushikwa miguuni bila kichwa kuingia chini. Vali ya jeki ya mafuta hufunguliwa robo mzunguko tu, maana ikifunguliwa yote gari hudondoka. Nati za tairi hukazwa kwa mkono likiwa bado juu, kwa kuruka kutoka moja hadi inayoielekea, kisha hukazwa kwa spana tairi likishagusa chini. Kwa magari mengi madogo ya Toyota kipimo ni niutoni mita 103. Bila spana ya kipimo, hiyo ni sawa na kukandamiza ncha ya spana ya sentimita 30 kwa nguvu ya kilo 35 hivi. Kuikanyaga kwa mwili mzima hupitiliza na kuinyoosha bolti. Baada ya mwendo wa kilomita 100 hivi nati hupimwa tena.

Jeki ya mafuta huhifadhiwa ikiwa imeshushwa, ili pistoni isishike kutu, na huongezewa mafuta ya jeki pekee. Mafuta ya breki huvimbisha na kuozesha sili zake. Ikianza kupanda kwa kushtukashtuka huwa imeingiwa na hewa, na kupampu mara kadhaa vali ikiwa wazi, bila mzigo, kwa kawaida huitoa. Ile inayoshuka yenyewe ikiwa na mzigo, au iliyolowa mafuta shingoni, hupelekwa kubadilishwa sili kabla ya kurudishwa chini ya gari lolote.